Upimaji katika kozi ya astronomia

Upimaji katika kozi ya astronomia ni jumla ya majaribio mafupi, kazi za vitendo na mitihani ambayo chuo hutumia ili kujua kama mwanafunzi ameelewa elimu ya nyota, sayari na magimba mengine ya angani, pamoja na utaratibu wa kugeuza alama zake kuwa daraja. Wanafunzi wa Tanzania huita majaribio mafupi kwizi na majaribio makubwa ya katikati ya muhula testi. Alama za kazi hizo hujumlishwa na zile za mtihani wa mwisho, na jumla yake ndiyo inayoamua kama mwanafunzi amefaulu kozi.

Astronomia, inayojulikana pia kwa jina la falaki, ina ugumu wake wa pekee katika upimaji. Matukio yake mengi huonekana na kila mtu: jua kuchomoza na kuchwa, mwezi kuandama na kupevuka, majira kubadilika. Lakini sababu zake hazionekani kwa macho, na mtu anaweza kukariri jibu sahihi huku akiamini maelezo mengine kabisa. Aidha, vitabu vingi vya kozi hiyo vimeandikwa kwa wasomaji wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Swali linalofaa London linaweza kuwa na jibu tofauti huko Mbeya, Iringa au Chimala.

Makala hii inahusu hasa hali ya Tanzania, kwa mifano kutoka Nyanda za Juu Kusini.

Astronomia katika elimu ya Tanzania

Watoto wa Tanzania hukutana na mfumo wa jua kwanza katika shule ya msingi. Katika shule za sekondari mfumo wa jua umekuwa mada ya Jiografia ya Kidato cha Kwanza. Muhtasari wa Fizikia uliotumika kabla ya mageuzi ya mtaala ya mwaka 2023 uliweka mada ya astronomia ya awali katika Kidato cha Nne. Ilihusu mfumo wa jua, makundi ya nyota, Dunia na Mwezi, pamoja na kupwa na kujaa kwa maji ya bahari.

Vyuoni astronomia mara nyingi huwa kozi moja ndani ya masomo ya fizikia, jiografia au ualimu wa sayansi. Katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, mwanafizikia Noorali Jiwaji amejulikana kwa kueneza elimu ya astronomia kwa wanafunzi na kwa umma. Katika Nyanda za Juu Kusini kuna vyuo vinavyofundisha sayansi, kama vile Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa (MUCE) mjini Iringa, kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ualimu unaupa upimaji wa somo hili uzito zaidi. Mwanachuo anayesomea ualimu ndiye atakayefundisha mfumo wa jua katika shule ya sekondari. Kosa ambalo halikugunduliwa katika majaribio ya chuo huenda likarudi darasani na kufundishwa kwa miaka mingi.

Katika Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki elimu ya falaki imefundishwa pia nje ya vyuo vikuu, kwa ajili ya kujua nyakati za sala, upande wa kibla na mwandamo wa mwezi. Huko ujuzi wa mwanafunzi hupimwa kwa kazi yenyewe: anayekokotoa vibaya hukosolewa na anga.

Aina za upimaji

Upimaji wa kozi hugawanyika katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni upimaji endelevu, unaofanyika wakati wa muhula. Sehemu ya pili ni mtihani wa mwisho wa muhula. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mgawanyo wa kawaida ni alama 40 kwa upimaji endelevu na alama 60 kwa mtihani wa mwisho.

Upimaji endelevu si jambo geni Tanzania. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu isitegemee mtihani mmoja tu wa kuandika, na kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi darasani yalianza kuhesabiwa katika matokeo ya mitihani ya taifa ya sekondari.

Katika kozi ya astronomia upimaji endelevu unaweza kuwa na sehemu zifuatazo:

- Kwizi. Huchukua dakika 10 hadi 20, mara nyingi mwanzoni au mwishoni mwa kipindi. Maswali yake huwa ya kuchagua jibu au ya majibu mafupi. Kazi yake kuu ni kumwonyesha mwalimu na mwanafunzi mapema mahali palipokwama.
- Testi. Huchukua saa moja au zaidi na hupima mada kadhaa kwa pamoja, ikiwa na maswali ya hesabu kama vile umbali wa sayari, muda wa mzunguko na mwangaza wa nyota.
- Kazi za nyumbani. Hizi hufanywa na mwanafunzi mmojammoja au kwa makundi.
- Kazi za vitendo. Mwanafunzi hupima vivuli, huchora mwezi kila jioni kwa wiki kadhaa, au hutafuta makundi ya nyota.

Mgawanyo wa alama hueleza kile ambacho kozi inakithamini. Kozi isiyotoa alama yoyote kwa kutazama anga huwaambia wanafunzi, bila kusema, kwamba astronomia husomwa kwenye desa tu.

Madaraja na GPA

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alama za shahada ya kwanza hugeuzwa kuwa madaraja kama ifuatavyo:

- A: alama 70–100, pointi 5
- B+: alama 60–69, pointi 4
- B: alama 50–59, pointi 3
- C: alama 40–49, pointi 2
- D: alama 35–39, pointi 1
- E: alama 0–34, pointi 0

Daraja C ndilo la chini kabisa la kufaulu. Mwenye D au E hurudia mtihani wa kozi hiyo, mtihani ambao wanafunzi huuita sapu. Anayefaulu kwenye sapu huandikiwa C hata kama amepata alama za juu zaidi. Akishindwa tena anaweza kuruhusiwa kuibeba kozi hiyo hadi mwaka unaofuata, jambo linaloitwa kukeri. Mwenye wastani wa chini mno huondolewa chuoni, yaani hudisko.

Pointi za kila kozi huzidishwa kwa uzito wa kozi hiyo, kisha hujumlishwa na kugawanywa kwa jumla ya uzito wa kozi zote. Wastani unaopatikana ni GPA. Madaraja ya shahada ni haya:

- Daraja la kwanza: 4.4–5.0
- Daraja la pili la juu: 3.5–4.3
- Daraja la pili la chini: 2.7–3.4
- Pasi: 2.0–2.6

Mfano unaweza kuonyesha uzito wa alama moja. Tuseme mwanafunzi anasoma kozi kumi zenye uzito sawa, na katika tisa amepata jumla ya pointi 31. Kozi ya kumi ni astronomia. Ana alama 28 kati ya 40 za upimaji endelevu na 32 kati ya 60 za mtihani, jumla 60, yaani B+ na pointi 4. Wastani wake ni 35 kugawanya kwa 10, yaani 3.5. Kama angekosa alama moja tu ya kwizi, jumla yake ingekuwa 59, daraja B na pointi 3. Wastani ungekuwa 3.4. Kama wastani huo ndio wa mwisho, tofauti kati ya daraja la pili la juu na la pili la chini imetokana na swali moja la kwizi.

Kwa mwanafunzi matokeo hayo yana uzito nje ya darasa pia. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) huendelea kwa mnufaika anayefaulu kuingia mwaka unaofuata wa masomo. Baadaye GPA hutazamwa katika udahili wa shahada ya uzamili na katika ajira ya ualimu wa vyuo vikuu.

Alama ileile, daraja tofauti

Daraja halina maana bila kipimo chake. Alama 70 ni A katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, ambako A huanzia 75 na B ni 65–74, alama hiyo ni B. Katika Kidato cha Sita, ambako A huanzia 80 na B ni 70–79, ni B pia. Katika vyuo vingi vya Marekani, ambako A huanzia 90, alama 70 ni C ya chini. Alama 45 ni C chuoni na katika Kidato cha Nne, lakini ni E katika Kidato cha Sita. Kwa hiyo mwalimu anayechukua kwizi kutoka kitabu cha Marekani hawezi kuchukua pia viwango vyake vya kufaulu. Maswali yaliyotungwa ili mwanafunzi wa kawaida apate 75 si sawa na yale yaliyotungwa ili apate 55.

Tanzania iliona wazi athari ya kubadili viwango katika matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012. Matokeo ya awali, yaliyotangazwa mwanzoni mwa 2013, yalionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali ilifuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia. Ufaulu ulipanda kutoka karibu asilimia 34 hadi asilimia 43. Majibu ya wanafunzi kwenye karatasi yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni namna ya kuyageuza kuwa madaraja.

Kuna njia kuu mbili za kupanga madaraja. Katika njia ya kwanza kila daraja lina mpaka wake uliowekwa kabla ya mtihani, na wanafunzi wote wanaweza kupata A au wote wakafeli. Katika njia ya pili mwanafunzi hulinganishwa na wenzake, na sehemu fulani ya darasa hupewa A, sehemu nyingine B, na kadhalika. Vyuo vikuu vya Tanzania hutumia hasa njia ya kwanza. Njia ya pili huondoa athari ya mtihani mgumu kupita kiasi, lakini huwafanya wanafunzi wasione faida ya kusaidiana.

Bahati katika maswali ya kuchagua

Madarasa makubwa huwalazimu walimu wengi kutumia maswali ya kuchagua, kwa sababu husahihishwa haraka. Ubaya wake ni kwamba asiyejua lolote anaweza kubahatisha. Kiasi cha bahati hiyo kinaweza kukokotolewa. Tukichukua alama 40 kwa mia kuwa mpaka wa kufaulu, uwezekano wa anayebahatisha kila swali kufaulu ni huu:

- Maswali 10 ya kweli au si kweli: takriban asilimia 83
- Maswali 10 yenye majibu manne ya kuchagua: takriban asilimia 22
- Maswali 20 yenye majibu manne ya kuchagua: takriban asilimia 10

Hivyo kwizi fupi ya kweli au si kweli haipimi karibu chochote. Walimu wengine hukata theluthi moja ya alama kwa kila jibu baya katika maswali yenye majibu manne, ili anayebahatisha apate wastani wa sifuri. Njia nyingine ni kumtaka mwanafunzi aandike sentensi moja ya sababu chini ya jibu alilochagua, na kutoa alama kwa jibu na sababu kwa pamoja. Katika astronomia njia hii ya pili hufaa zaidi, kwa kuwa jibu sahihi lenye sababu mbaya ni jambo la kawaida.

Dhana potofu na majaribio ya utambuzi

Utafiti kuhusu ufundishaji wa astronomia umeonyesha kwamba wanafunzi huingia darasani wakiwa tayari na maelezo yao. Filamu A Private Universe ya mwaka 1987 iliwauliza wahitimu, wanafunzi na walimu 23 wa Chuo Kikuu cha Harvard sababu ya majira au ya sura za mwezi. Watu 21 kati yao walitoa maelezo yasiyo sahihi. Wengi walisema majira hutokana na Dunia kuwa karibu au mbali na Jua. Kuhusu sura za mwezi, kosa la kawaida ni kudhani kwamba husababishwa na kivuli cha Dunia, jambo ambalo kwa kweli ni sababu ya kupatwa kwa mwezi.

Kutokana na utafiti wa aina hiyo yalitungwa majaribio ya utambuzi, ambayo hutolewa mwanzoni na mwishoni mwa kozi bila kuhesabiwa katika daraja. Mojawapo lilitolewa Marekani mwaka 1999 likiwa na maswali 21 ya somo. Lilipotumika kwa maelfu ya wanafunzi, wastani ulikuwa takriban asilimia 32 kabla ya kozi na asilimia 47 baada yake. Wengi wa wanafunzi hao walifaulu kozi zao. Matokeo hayo huonyesha kwamba daraja zuri na uelewa si kitu kimoja.

Njia mojawapo ya kutumia kwizi kwa ajili ya kufundisha ilienezwa na mwanafizikia Eric Mazur wa Harvard katika miaka ya 1990. Mwalimu huuliza swali moja la kuchagua, kila mwanafunzi hujibu peke yake, kisha hujadiliana na jirani yake na kujibu tena. Haihitaji kompyuta, vidole au kadi zenye herufi A, B, C na D zinatosha, hata katika darasa la watu 200.

Maswali yanayolingana na mahali: mfano wa Chimala

Chimala ni mji mdogo katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, kwenye ukingo wa bonde la Usangu. Uko takriban nyuzi 8.9 kusini kwa ikweta na nyuzi 34 mashariki. Kwa mahali kama hapo majibu ya maswali mengi ya vitabuni hubadilika.

Jua la adhuhuri. Vitabu vya kaskazini husema jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Chimala huwa kusini kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari, na kaskazini katika miezi mingine yote. Hupita utosini karibu tarehe 26 Februari na 16 Oktoba. Jibu "jua huwa utosini kila adhuhuri" ni kosa, na jibu "jua haliwi utosini kamwe", lililo sahihi kwa London, ni kosa pia.

Saa ya adhuhuri. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Chimala iko nyuzi 11 magharibi mwa mstari huo, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Kwa hiyo jua hufika juu kabisa kwa wastani saa 6 na dakika 44 mchana, si saa 6 kamili. Katika mwaka wakati huo hubadilika kati ya takriban saa 6:28 mapema Novemba na saa 6:58 katikati ya Februari.

Urefu wa mchana. Mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa Chimala hutofautiana kwa takriban saa moja tu. Mrefu huwa mwezi Desemba na mfupi mwezi Juni.

Nyota. Kutubu, yaani Nyota ya Ncha, haionekani kabisa kwa sababu iko chini ya upeo. Ncha ya kusini ya anga iko takriban nyuzi 9 juu ya upeo wa kusini, na mwanafunzi huitafuta kwa msaada wa Salibu. Kilimia, kundi lililowasaidia wakulima wa Afrika Mashariki kujua majira, hupotea katika mwanga wa machweo mwezi Mei na huonekana tena alfajiri mwezi Juni.

Mwezi. Hilali karibu na ikweta mara nyingi hulala kama mtumbwi. Mwanafunzi anayeichora imesimama kama herufi C ameinakili kutoka kitabuni.

Suala la majira ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Dunia huwa karibu zaidi na Jua mapema Januari, kilomita milioni 147, na mbali zaidi mapema Julai, kilomita milioni 152. Huko Ulaya Januari ni baridi. Mwalimu akitaja umbali huo, dhana kwamba majira hutokana na umbali huanguka yenyewe. Katika Nyanda za Juu Kusini hali ni kinyume. Juni na Julai ni miezi ya baridi kali, na katika uwanda wa Kitulo na Makete hutokea jalidi. Hiyo ndiyo miezi ambayo Dunia iko mbali na Jua. Uzoefu wa mwanafunzi unakubaliana na kosa.

Kwa sababu hiyo swali "Kwa nini Julai ni baridi Mbeya?" halitoshi. Anayeamini umbali atalijibu kwa ujasiri, na kama ni la kuchagua anaweza kuwa na dhana potofu huku akipata alama kwa kukariri neno "mwinamo". Swali linalopambanua ni kama hili: "Mwezi Julai watu wa Makete huvaa makoti mazito, na mwezi huohuo ni majira ya joto Uingereza. Eleza kwa sababu moja inayofaa mahali pote pawili." Umbali hauwezi kulijibu, kwani Makete na Uingereza ziko kwenye Dunia ileile yenye umbali uleule. Mwinamo wa mhimili wa Dunia, wa takriban nyuzi 23.4, unajibu yote mawili.

Kazi za vitendo

Kazi ya vitendo iliyo rahisi kuliko zote ni ya kivuli. Mwanafunzi husimamisha fimbo ya mita 1 wima mahali tambarare na kuweka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache, kuanzia saa 6 hadi saa 7 na nusu mchana. Kivuli kifupi kabisa ndicho cha adhuhuri ya kweli. Kwa Chimala matokeo yanayotarajiwa ni haya:

- 21 Machi: sentimita 16, kikielekea kusini
- 21 Juni: sentimita 63, kikielekea kusini
- 16 Oktoba: karibu hakuna kivuli
- 22 Desemba: sentimita 26, kikielekea kaskazini

Kazi kama hiyo inaweza kusahihishwa kwa alama 10: alama 3 kwa kumbukumbu za vipimo zilizoandikwa palepale zikiwa na saa na tarehe, 2 kwa mchoro, 3 kwa kukokotoa pembe ya jua, na 2 kwa kueleza tofauti kati ya kipimo na jibu linalotarajiwa. Katika mpango huu mwanafunzi aliyepata sentimita 60 na kueleza kwamba fimbo yake iliinama kidogo hupata alama nyingi kuliko aliyeandika 63 bila kupima. Vipimo vinavyolingana mno na nadharia ni dalili ya kunakili.

Nyanda za Juu Kusini zina pia kitu cha angani kinachoshikika. Kimondo cha Mbozi, kwenye mlima Marengi katika Mkoa wa Songwe wa leo, ni kimondo cha chuma chenye tani takriban 16 na urefu wa mita 3 hivi. Sehemu kubwa yake ni chuma, na nikeli ni takriban asilimia 9. Mwanafunzi anaweza kuulizwa akadirie mjao wake. Kwa densiti ya kilogramu 7,900 kwa mita moja ya ujazo, jibu ni takriban mita za ujazo 2. Akipata 200, anatakiwa atambue mwenyewe kwamba ni kosa, kwa kuwa kimondo chenye mjao huo kingekuwa kikubwa kama jengo.

Tarehe 1 Septemba 2016 kupatwa kwa jua kwa umbo la pete kulionekana kusini mwa Tanzania, na watu wengi walikusanyika Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, kulitazama. Muda mrefu kabisa wa pete katika njia nzima ulikuwa takriban dakika 3. Tukio hilo hutoa maswali mazuri ya kozi: kwa nini jua lilibaki kama pete badala ya kufunikwa lote, na kwa nini kupatwa hakutokei kila mwezi mpya. Jibu la kwanza ni kwamba Mwezi ulikuwa mbali kiasi cha kuonekana mdogo kuliko Jua; la pili ni kwamba njia ya Mwezi imeinama takriban nyuzi 5 kulinganisha na njia ya Dunia. Kazi yoyote ya kutazama jua huhitaji miwani maalumu au kutazama taswira yake kupitia tundu dogo. Kozi haipaswi kutoa alama kwa jambo linaloweza kumharibu mwanafunzi macho.

Lugha ya upimaji

Lugha ya mitihani katika sekondari na vyuo vingi vya Tanzania ni Kiingereza, ilhali wanafunzi wengi walijifunza sayari kwanza kwa Kiswahili: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Mwanafunzi anaweza kukosa swali kwa kutoelewa neno moja, na mwalimu akadhani hajui astronomia.

Maneno ya kila siku yana mitego yake. Zuhura huitwa nyota ya asubuhi au nyota ya jioni ingawa ni sayari. Neno kimondo hutumika kwa mwanga unaokatiza angani usiku na pia kwa jiwe lililoanguka. Hesabu ya saa ni mtego mwingine: saa 12 jioni ya Kiswahili ni saa 6 katika Kiingereza, na katika swali la kuchomoza kwa nyota tofauti hiyo huleta kosa la nyuzi 90. Kwizi iliyotungwa vizuri hutaja wazi mfumo wa saa unaotumika na hufafanua istilahi ambazo si lengo la swali.

Mrejesho na haki ya mwanafunzi

Kwizi huwa na faida ikirudishwa mapema. Karatasi inayorudi baada ya wiki moja huweza kurekebisha dhana kabla ya testi. Inayorudi baada ya mtihani wa mwisho hubaki kuwa namba tu. Mrejesho unaofaa huonyesha hatua iliyokosewa, si jumla ya alama pekee.

Mwanafunzi hunufaika pia akijua tangu wiki ya kwanza mgawanyo wa alama, idadi ya kwizi na kinachotokea akikosa moja kwa ugonjwa. Baadhi ya walimu hutoa kwizi sita na kuhesabu tano zilizo bora, ili siku moja mbaya isiharibu muhula mzima. Alama za upimaji endelevu hubandikwa kabla ya mtihani wa mwisho ili makosa ya kujumlisha yasahihishwe mapema. Kwa matokeo ya mwisho vyuo vikuu huwa na utaratibu wa rufaa, ambao humruhusu mwanafunzi kuomba karatasi yake isahihishwe upya ndani ya muda uliowekwa. Anayehifadhi karatasi zake za kwizi na daftari lake la vipimo huwa na cha kuonyesha.